Kabla ya kuchagua lifti ya gari, pima sakafu

Karibu kila anayenipigia simu kutaka lifti ya gari ya kufunga nyumbani huanza na swali la tani: inyanyue tani ngapi? Mimi humrudishia maswali matatu. Zege la gereji lina unene gani? Kutoka sakafuni hadi kitu cha kwanza kinachoning'inia juu ni mita ngapi? Na gari likishapanda, unataka kufanya nini uvunguni? Tukimaliza hayo, lifti nyingi alizokuwa akizitamani zimeshajiondoa zenyewe.

Zege kwanza. Lifti ya nguzo mbili inashikiliwa na bolti zilizozama sakafuni, basi. Mikono yake inabeba gari mbali na nguzo, kwa hiyo kila nguzo inataka kuinamia ndani, na bolti za upande wa nje zinavutwa kwenda juu muda wote gari likiwa hewani. Kwa lifti za tani 4 hadi 4.5, watengenezaji wengi hudai zege lenye unene usiopungua sentimita 10 na nguvu ya takriban megapaskali 20. Zilizo kubwa zaidi huweza kudai sentimita 15 au zaidi. Vigae na lipu ya juu havihesabiki.

Kwa macho hujui kitu. Kama sakafu ina kebo za chuma zilizovutwa ndani ya zege, usitoboe hata kidogo mpaka zijulikane zilipopita, maana kebo ya aina hiyo ikikatwa hufyatuka kwa nguvu ya kuua. Kama hazipo, toboa tundu dogo mahali nguzo itakaposimama, kunja ncha ya waya mgumu, uutumbukize mpaka upite zege, kisha uuvute taratibu hadi unase kwa chini. Weka alama usawa wa sakafu, utoe, pima. Halafu rudia kwenye nguzo ya pili. Usiseme sakafu ni moja: aliyemwaga zege huenda alisawazisha juu tu, chini akaufuata udongo ulivyo, ukapata sentimita 12 huku na 8 kule. Ikitokea hivyo, huo si mwisho. Unakata sakafu sehemu ya nguzo, unamwaga zege jipya nene kwa vipimo vya mtengenezaji, unalimwagilia na kulisubiri siku 28. Nyufa nazo zikae mbali na bolti. Na kama chini ya gereji kuna chumba, lifti ya nguzo mbili isahau mpaka mhandisi wa majengo aseme neno.

Juu sasa. Lifti ya nguzo mbili yenye boriti inayounganisha nguzo kwa juu huhitaji dari la mita 3.6 hivi. Palipo chini ya hapo kuna aina ambayo kebo na mipira ya haidroliki hupita sakafuni chini ya bamba la chuma. Yenyewe huweza kukaa hata penye mita 2.9, ila utaliruka hilo bamba kila ukisukuma toroli la spana. Dari likiwa fupi, gari nalo halipandi hadi mwisho. Pima kimo cha gari na boneti ikiwa wazi, na pima juu huku lango la gereji likiwa limefunguliwa, kwa sababu reli zake ndizo hugongwa kwanza.

Kuhusu aina, nina upendeleo na siufichi. Kama kazi yako ni breki, bushi, shokapu na kushusha gia boksi, nguzo mbili haina mpinzani, maana magurudumu yananing'inia huru na uvungu wote uko wazi. Nguzo nne ni ya mwenye magari mawili na nafasi ya moja: gari linakaa kwenye njia zake kwa matairi, unaegesha jingine chini, na unaweza kumwaga oili au kufunga eksozi bila shida. Ukitaka kufungua matairi juu yake utanunua jeki ya kati pia, ile inayokaa katikati ya njia na kulinyanyua gari. Lifti ya mkasi ni nzuri kwa matairi na breki. Kwa gia boksi inakera, mitambo yake imekaa katikati palepale unapotaka kusimama.

Tani tulizoziahirisha zina hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Lifti ya tani 3.5 yenye mikono minne haikupi tani 3.5 popote utakapo. Kila mkono unaruhusiwa robo, yaani kilo 875. Chukua pikapu ya dizeli ya tani 3.2 ambayo asilimia 60 ya uzito iko mbele. Mikono ya mbele inabeba kilo 960 kila mmoja. Jumla imetosha, mkono umezidiwa.

Kibandiko cha uthibitisho nakisoma kabla ya bei. Amerika Kaskazini ni alama ya ALI, taasisi ya huko ya lifti za magari; Ulaya ni kiwango cha EN 1493. Angalia kimethibitisha lifti nzima ya modeli hiyo, kwani wapo wanaouza lifti ambayo kilichopimwa ni vifaa vya umeme vya pampu peke yake.

Ukienda kuiona ikifanya kazi, sikiliza kufuli za usalama. Lifti ikipanda lazima zilie pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa kimya, usiingie chini. Ikifika juu, ishushwe kidogo mpaka ikalie kufuli, ili uzito ubebwe na chuma, oili ya pampu ipumzike. Muuzaji anayekuonyesha gari likiwa limeshikiliwa na pampu tu hajui anachouza.

Za mitumba sizikatai. Natazama kebo kama zina nyuzi zilizokatika, makapi (magurudumu yanayopitisha kebo) kama yamelika, mikono kama imewahi kuchomelewa, na kama kitabu chake bado kipo. Bolti za sakafuni hununuliwa mpya kila mara, hata muuzaji akiapa kuwa zake ni nzima. Iliyochomelewa mkono siifungi.