Mama ana biashara, sawa, mtumbwi je ni wa nani?

Nafundisha historia ya harakati za wanawake hapa Mwanza, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwani wanawake wa siku hizi si wana biashara zao, sasa ukombozi gani tena mnautaka?

Twende mwaloni kwanza, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Kuanzia Igombe mpaka visiwa vya Ukerewe, wanaoanika dagaa, kuwageuza, na kukimbizana na turubai wingu likianza kufunga ziwani wengi wao ni kina mama, ila mtumbwi, nyavu, injini na taa mara nyingi ni vya mwanaume na yeye ndo anapanga ndoo iende bei gani. Ufeministi wa kijamaa unaanzia hapo hapo: kuruhusiwa kufanya kazi haitoshi, tunauliza nyenzo ni za nani na nyumbani nani anapika na kulea bure ili wengine waweze kwenda kazini.

Mfano mzuri ni sangara. Viwanda vya minofu viliposhamiri hapa miaka ya 1990, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mama aliyekuwa anachoma samaki na kuuza akaachiwa mapanki, kichwa na mifupa, akawa anakaanga hayo na kuwauzia watu wenye hali kama yake. Hakuna aliyemkataza kufanya biashara jamani! Mtaji ulimpita tu.

Haya mambo hayajaanza jana. 1910 kule Copenhagen, Clara Zetkin, msoshalisti wa Kijerumani, na wenzake kwenye mkutano wa wanawake wa kisoshalisti walipendekeza iwepo siku ya wanawake kila mwaka, na lengo kubwa lilikuwa kudai haki ya kupiga kura. 1917 Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, wanawake wa viwanda vya nguo, wamechoka na vita na foleni za mkate, wakaacha mashine, wakaenda kuwatoa wanaume kwenye viwanda vya jirani, na baada ya siku chache tu mfalme wa Urusi akaachia kiti. Kwa kalenda yetu ilikuwa Machi 8, tarehe tunayoadhimisha Siku ya Wanawake mpaka leo. Na mimi sare ya kitenge naipenda, ila siku hii imetokana na mgomo, watoto wetu wafundishwe hivyo.

Kwetu, sehemu ninayoona watu wanaipuuza sana ni kazi ya nyumbani. Mume kanunua mtumbwi wakiwa kwenye ndoa, jina lake, leseni yake, wakiachana anasema we ulikuwa unapika tu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwenye mali, na 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed aliyedai mgao wa mali kwa mumewe Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka wazi kwamba kupika, kufua na kulea nako ni mchango. Mama wa kesi ile mwenyewe hakupata mgao, inauma, lakini hoja yake ilisimama na mpaka leo mawakili wanaitumia kuwapigania wengine.