Kwa nini begi lako ndilo linalovutwa pembeni

Mtu akishajua kwamba kabla ya kufundisha wakaguzi nilikaa miaka mbele ya skrini ya eksirei uwanja wa ndege, lazima aniulize: "Mbona kila nikisafiri wanalivuta begi langu?" Wengine huuliza kwa utani, wengine bado wana hasira ya ndege iliyowaacha. Mara nyingi hakuna aliyekuchagua. Anayekaa kwenye skrini hata sura yako hajaiona. Alichokiona ni rangi.

Mashine hupaka rangi kulingana na jinsi mionzi inavyopenya kitu. Chakula, karatasi, nguo, sabuni na plastiki hutokea kwa rangi ya machungwa. Chuma ni buluu. Vya katikati, kama aluminiamu, huwa kijani, na kitu kizito ambacho mionzi imeshindwa kukipenya hubaki cheusi. Taabu ni kwamba vilipuzi vingi navyo ni vya machungwa. Kwa mashine ya kawaida, asali, jibini, unga wa sembe na chokoleti vinakaribiana mno na kitu ambacho mkaguzi amefundishwa kukiogopa.

Chukua bakuli la halua ya Unguja, lile la kilo nzima la kumpelekea shangazi London (anayekwenda Maskati aiache tu, kule wanayo yao). Kwenye skrini ni bonge moja la machungwa, limeshikana, halina pengo. Sasa msafiri, kwa kubana nafasi, amelaza chaja juu ya kifuniko na waya wake umejikunja, na powabenki ameichomeka ubavuni. Bonge, waya, betri. Mkaguzi akiliona hilo akaliachia lipite, huyo ndiye wa kumwogopa. Vitabu vikipangwa pamoja vina shida hiyohiyo, maana rundo la karatasi ni bonge la machungwa vilevile. Ukivitawanya ndani ya begi, na nyaya ukaziweka mfuko wa peke yake, picha inasomeka na begi linapita. Hakuna siri zaidi ya hapo.

Na huyo anayesoma picha ana sekunde chache tu kwa kila begi. Programu ya mashine, pale inapotumika, humtegea: ndani ya picha ya begi lako inapachika bunduki au bomu la uongo ili kuona kama yuko macho. Akilikamata, mashine inamwambia ni jaribio na kazi inaendelea. Baada ya dakika 20 hivi anatakiwa apokewe na mwenzake, kwa sababu macho huchoka na mtu huanza kutazama bila kuona. Abiria wakiona mtu anainuka kwenye kiti foleni ikiwa imefika mlangoni, husonya. Mimi nikiona mtu yuleyule amekaa pale saa nzima ndipo ninapopata wasiwasi.

Lakini foleni yenyewe haitokani na skrini. Simama siku moja uitazame mashine kwa nyuma, upande wa kutokea. Utamkuta baba anavaa mkanda wa suruali huku trei yake iko palepale, mama anamvalisha mtoto viatu, kijana anatafuta simu ambayo tayari iko mfukoni. Trei haziondoki, kwa hiyo mkanda wa mashine unasimama. Aliye mbele kabisa ya foleni anawaona wakaguzi wamekunja mikono na kusema hawa hawafanyi kazi. Wangefanya nini? Mfereji umeziba chini, maji yanajaa juu.

Halafu kuna begi lililovutwa pembeni. Kwa kawaida halifunguliwi mpaka mwenyewe awepo, na mwenyewe bado yuko upande wa pili wa mlango wa kugundua vyuma, anarudishwa mara ya pili kwa sababu ya sarafu. Muda mwingi hapa hauishii kwenye upekuzi, unaishia kwenye kumsubiri mwenye mzigo. Akipatikana, begi linapekuliwa, linatolewa kitu, kisha linarudishwa kwenye mashine upya. Begi moja limehesabika mawili. Mabegi matano ya namna hiyo yakifuatana na mpekuzi ni mmoja, mashine nzuri kiasi gani haitakusaidia.

Ndiyo maana huwa nabishana na wenzangu wanaodhani dawa ni kununua mashine mpya. Mashine ni nzuri, sikatai. Skana za kisasa hutoa picha ya pande tatu, mkaguzi analizungusha begi kwenye skrini, na kompyuta mpakato haina haja ya kutolewa. Uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ulikuwa nazo tayari mwaka 2022. Mwaka huohuo wakaguzi walipungua, foleni zikatoka nje ya jengo, na baadaye uwanja ukaweka utaratibu wa kuwafidia waliokosa ndege kati ya Aprili 23 na Agosti 11 kwa sababu ya foleni za ukaguzi. Mashine zilikuwepo, wakaguzi hawakutosha. Kwetu ningeanza na vitu vya bei rahisi: meza ya kutokea iwe ndefu mara mbili, pawe na benchi mbali kidogo na mkanda wa mashine la kuvalia viatu, na mtu ambaye kazi yake ni kuondoa trei tu. Najua havitanunuliwa haraka. Waziri hakati utepe wa meza.

Kuhusu masharti yenyewe, abiria wengi huona ni uonevu uliobuniwa ofisini, na siwalaumu, maana hakuna anayewaeleza. Mengi yana tarehe yake. Desemba 2001 Richard Reid alijaribu kulipua ndege ya Paris kwenda Miami kwa vilipuzi alivyoficha kwenye viatu. Marekani ikaja kuwavua watu viatu kwa miaka, hadi ilipoacha Julai 2025. Kikomo cha mililita 100 za vimiminika kilitokana na njama iliyofichuliwa Uingereza Agosti 2006, ya vilipuzi vya maji ndani ya chupa za vinywaji. Skana za pande tatu ndizo zilizouwezesha uwanja wa Edinburgh, Uskoti, kuruhusu chupa ya hadi lita 2 kuanzia Julai 2025. Hapo ndipo ugomvi mpya unapozaliwa: umepita na chupa yako kiwanja kimoja, unaunganisha ndege kiwanja kingine chenye mashine ya zamani, na kule inatupwa. Kila kiwanja unachokaguliwa kinafuata mashine na masharti yake, hakijali ulikotoka.

Na kwa nini ukaguliwe mara mbili tatu? Pale Nairobi abiria hushushwa garini barabarani, akakaguliwa kabla hata ya kuliona jengo. Dar es Salaam begi hupita eksirei mlangoni, kisha tena ndani. Ukaguzi wa mlangoni unalinda jengo na umati uliomo. Wa ndani unalinda ndege. Kazi mbili tofauti, ingawa nakubali kwamba wa mlangoni mara nyingi hufanywa kivivu, watu wanapitishwa huku kengele inalia. Wafanyakazi nao hukaguliwa, na kuna sababu. Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo ilitobolewa na bomu muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mogadishu. Lilikuwa kwenye kompyuta mpakato ambayo mlipuaji alikabidhiwa ndani ya uwanja, na mfanyakazi wa uwanja alikuwa miongoni mwa waliomkabidhi. Ndege ilikuwa bado haijapanda juu sana, ikaweza kurudi. Aliyekufa ni mlipuaji peke yake.

Powabenki isiende kwenye mzigo wa chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka huko hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ile iliyoandikwa 20,000 mAh ina wati-saa 74 hivi, inapita. Shida ni zile zilizofutika maandishi, kwa kuwa mkaguzi hana njia ya kupiga hesabu.

Jambo moja linaloniudhi kuliko yote ni zamu isiyo na mwanamke wa kutosha. Mwanamke hupapaswa na mwanamke, na mwenye hijabu anayetakiwa kuifungua ana haki ya kuomba chumba cha faragha. Mkaguzi wa kike akiwa mmoja, akishaingia chumbani na bibi mmoja, akina mama wote nyuma wanasimama. Huo si uchache wa mashine, ni mtu aliyepanga zamu bila kutazama abiria wa saa hiyo ni akina nani. Ukikutana nalo, lalamika. Ila malalamiko ya "nilipekuliwa" huishia kwenye droo. Andika saa uliyoingia foleni na saa uliyotoka, ni njia ipi ya ukaguzi, mashine ngapi zilikuwa zimezimwa, na wakaguzi wa kike uliowaona walikuwa wangapi. Karatasi ya namna hiyo msimamizi wa zamu analazimika kuijibu.