Ngiri ya kwenye kovu haizibwi na mkanda

Pale Mbuyuni sokoni Moshi utaambiwa ngiri inaletwa na baridi, eti kunywa mizizi, funga mkanda, itarudi ndani yenyewe. Jamani, kwa mtu mzima ngiri ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, utumbo unapenya hapo, mkanda unausukuma tu ila tundu liko palepale (kitovu cha mtoto mchanga ni habari nyingine, mara nyingi kinajifunga chenyewe).

Ngumu zaidi ni ile inayotokea kwenye kovu la opereshini. Hata kushona kwa uzi peke yake hakutoshi, utafiti wa Uholanzi wa 2004 ulionyesha baada ya miaka 10 ngiri imetokea tena kwa asilimia 63 ya walioshonwa, waliowekewa wavu (kipande cha nyavu cha kuimarisha ukuta wa tumbo) asilimia 32, bado nyingi kusema ukweli. Sasa tundu likiwa kubwa misuli haikutani, ndo daktari anaachanisha tabaka za misuli ya pembeni ili ya katikati isogee, mbinu aliyoieleza daktari wa upasuaji Ramirez mwaka 1990, na wavu mara nyingi unalazwa nyuma ya misuli, presha ya tumbo yenyewe inaukandamiza ukae. Uvimbe ukiwa mgumu, haurudi ndani na unatapika, achana na mizizi, wahi hospitali usiku huohuo.