Je, wajua kwanini mtu anakula mchicha na maharage kila siku na bado anaambiwa damu iko chini?

Hili linawasumbua wengi hasa wamama wajawazito, umepima kliniki ukaambiwa damu 9, kula sana mboga za majani, unazila kweli, mwezi ujao unapima tena haijapanda kivile. Mara nyingi chuma umekila, ila kimepita tu kikatoka na choo.

Maana ukishameza kitu bado hakijaingia mwilini, mpaka kivuke ukuta wa utumbo kiingie kwenye damu. Madini ya chuma yanavukia zaidi kwenye kipande cha mwanzo cha utumbo mdogo, kama sentimita 25 hivi ukitoka tu kwenye mfuko wa tumbo, chakula kikishapita pale nafasi kubwa imeshaenda. Na chuma kiko cha aina mbili. Kwenye nyama, maini na samaki kuna kile kinachotokana na damu na misuli ya mnyama, hicho utumbo unakipokea vizuri, kama asilimia 15 mpaka 35. Cha kwenye mimea ni kigumu, mara nyingi haifiki hata asilimia 10 na kinaweza kushuka mpaka 2, inategemea umekila na nini.

Hapo ndo chai inapoharibu. Ule ukakasi unaousikia kwenye ulimi chai ya rangi ikikolea ni tanini, inashikana na protini za mate, na ikifika chini inashikana hivyohivyo na chuma cha maharage yako, vinagandana na utumbo hauwezi tena kukichukua. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata! Sasa fikiria mtu kila asubuhi ni chapati maharage na chai, jioni tena wali maharage na chai. Sisemi uache chai jamani, kunywa saa moja au mbili baada ya kula. Kahawa nayo inafanya hivyohivyo ila kidogo afadhali.

Vitamini C inafanya kinyume chake, inakibadilisha chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo unaipokea. Kwahiyo kamulia ndimu kwenye mboga ikishaiva, moto ukiwa umezimwa kwasababu vitamini C inaharibika kwa kuchemka muda mrefu, au kula chungwa, au kachumbari pembeni. Na maharage loweka usiku kucha umwage yale maji, hiyo inapunguza fitati, kitu cha asili kilichomo kwenye maharage na nafaka ambacho nacho kinashika chuma. Togwa iliyotiwa kimea ikachacha ina fitati kidogo kuliko uji wa kawaida, bibi zetu walikuwa wanatusaidia sana pale.

Alafu kuna kitu kingine wengi hawakijui. Mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, unapoteza kama miligramu 1 tu kwa siku, kwahiyo unakidhibiti mlangoni. Ini linatoa homoni inaitwa hepsidini, chuma kikijaa inapanda na mlango unafungwa, kikipungua inashuka mlango unafunguka. Shida ni kwamba hata ukiwa na malaria au maambukizi mengine hepsidini inapanda, mwili unawaficha vijidudu chuma, ndo maana mtu wa malaria za kujirudia anaweza kumeza vidonge vya damu na visimsaidie sana. Na vidonge siyo vya kumpa mtoto hovyo, utafiti uliofanyika Pemba na kutolewa 2006 ulisimamishwa kabla ya muda kwasababu watoto wadogo waliopewa chuma na foliki waliugua sana na kufariki zaidi, eneo lenyewe lilikuwa na malaria nyingi. Apimwe kwanza.

Na mlango ukifunguka sana kwasababu damu iko chini, risasi nayo inapita humohumo, siyo ya bunduki, ni ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri za magari (lead). Mtoto anafyonza karibu nusu ya risasi aliyoimeza wakati mtu mzima ni kama asilimia 10, na asiye na chuma cha kutosha anafyonza zaidi. Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipochafua mtaa mpaka mahakama ikaamuru 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, watoto walikuwa wanacheza kwenye udongo huohuo. Kwahiyo kama unaishi karibu na wanaofungua betri za magari, mtoto apimwe risasi na damu kwa pamoja.