Ushuru wa Forodha: Unatozwa Nini, na Nani Hulipa?

Ushuru wa forodha ni kodi ambayo serikali huitoza bidhaa inapovuka mpaka, aghalabu ikiingia nchini. Anayelipa ni mwagizaji wa mzigo. Wengi hukosea hapo. Mwaka 2025 Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya, ungesikia watu Nairobi wakiuliza serikali yetu itatoa wapi pesa hizo. Haitoi hata senti. Bili humwangukia Mmarekani anayeagiza nguo zilizoshonwa Athi River. Sisi tunaumia kwa njia nyingine: mnunuzi huyo hupunguza oda, au humbana mwenye kiwanda ashushe bei.

Sasa tugeuze mambo, sisi tuwe ndio waagizaji. Chukua mfanyabiashara wa barabara ya Luthuli, Nairobi, anayeleta bidhaa iliyo kwenye kiwango cha asilimia 25. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haiangalii bei ya kiwandani peke yake. Inajumlisha bima na nauli ya meli hadi Mombasa. Tuseme jumla ni shilingi 100,000. Ushuru ni 25,000. Kisha inakuja VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, nayo hupigwa juu ya 125,000, kwa hiyo ni 20,000 nyingine. Mzigo umeshafika 145,000, na hapo bado tozo ya maendeleo ya reli, ada nyingine na malipo ya wakala. Kodi imetozwa kodi, na atakayezibeba zote ni mteja.

Kenya haipangi viwango hivi peke yake. Tangu 2005, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje ya jumuiya: sufuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu na 25 kwa zilizokamilika. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha asilimia 35, hasa kwa bidhaa ambazo viwanda vya kanda hii vinaweza kuzitengeneza. Hata hivyo, kila bajeti nchi huomba ruhusa ya kutumia viwango vyake kwa bidhaa fulani, kiasi kwamba huo upamoja una matundu mengi.

Mpangilio huo una hesabu yake. Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anayepiga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni hufurahia sanduku la nje likitozwa sana. Lakini bati analokata nalo likipandishiwa ushuru ili kukinga kiwanda cha mabati, kinga ya mwenzake inakuwa mzigo wake. Ndiyo maana kila unaposikia ushuru “unalinda viwanda”, inafaa kuuliza ni viwanda vipi.

Ushuru pia hulegezwa. Mahindi ya kutoka nje ya kanda kwa kawaida hutozwa kiwango maalumu cha asilimia 50, lakini mwaka 2017, unga ulipopanda bei, Kenya iliyaruhusu yaingie bila ushuru.

Na kuna matumizi ya kibabe. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda nafuu ya AGOA, sheria ya Marekani inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya ilikuwa imeshajitoa katika mpango wa nchi za Afrika Mashariki wa kubana mitumba, na soko la Gikomba, Nairobi, likaendelea kufungua mabelo.