Pawa saplai ya kompyuta: yanayosemwa madukani Goma na ukweli wake

Kompyuta ikifa Goma, wa kwanza kulaumiwa ni umeme. Ulikatika, ukarudi kwa kishindo, basi. Lawama hiyo ina haki yake, lakini inasahau kifaa kinachoupokea umeme huo kabla ya vingine vyote: pawa saplai, lile boksi la bati nyuma ya kasha. Mnunuzi anayepita Birere, mtaa wa soko hapa Goma, ataitaja prosesa kwa jina na kizazi chake, RAM ataihesabu, ila kitu kinacholisha vyote hivyo anakichukua kama alivyopewa. Inauma kuona sekretaria ya mtaani, inayolisha familia kwa kuchapa barua na CV za watu, ikipoteza diski yenye kazi zote kwa sababu ya boksi ambalo hakuna aliyelikagua.

"Imeandikwa 600, basi ni 600"

Hii ndiyo dhana ninayoipiga vita kuliko zote. Namba kubwa ya wati ya kibandikoni ni jumla ya vitu vingi, na kwenye maboksi ya bei ya chini mara nyingine haina msingi wowote. Geuza boksi usome jedwali dogo la ubavuni. Utakuta volti 3.3, volti 5 na volti 12, kila moja na ampea zake. Kompyuta ya leo inakula karibu kila kitu kwenye laini ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki zinalishwa kutoka huko. Zidisha ampea za laini hiyo kwa 12. Ukikuta ampea 17, jibu ni wati 204, hata kama ubavuni pameandikwa 600 kwa herufi za dhahabu.

Sasa weka mashine halisi juu ya hesabu hiyo. Prosesa ya Intel Core i5-12400 inaweza kufika wati 117. Kadi ya RTX 3060 ni wati 170. Hizo mbili tu ni 287, kabla ya kuhesabu mazabodi, diski na feni. Boksi la wati 204 likizima katikati ya kazi, shukuru. Baya zaidi ni lile lisilozima, linaloendelea kusukuma umeme mchafu mpaka kitu kiungue.

Ukiona ampea nyingi kwenye volti 5 na chache kwenye 12, ujue limejengwa kwa hesabu za zamani. Kiwango cha ATX12V, yaani kanuni za kutengeneza pawa saplai za kompyuta, kilicholeta waya wa ziada wa volti 12 kwa ajili ya prosesa, ni cha mwaka 2000. Na pakiandikwa laini mbili, 12V1 na 12V2, usijumlishe ampea zake. Tafuta wati za pamoja za volti 12 kwenye jedwali hilohilo. Zisipoandikwa, mimi singelinunua.

"Boksi kubwa litamaliza umeme wa mita"

Hapana. Sufuria kubwa haikulazimishi kupika bugali wa kuijaza. Kompyuta inayohitaji wati 150 itapewa 150, liwe boksi la 450 au la 650. Mita inahesabu hizo pamoja na zinazopotea kama joto: ufanisi ukiwa asilimia 85, ukutani zitatoka wati 176 hivi.

"Ina 80 PLUS Gold, haina shida"

Mpango wa 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004, unapima ufanisi: ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika kwenye kompyuta. Haukuahidi kwamba kinga za ndani zinafanya kazi, wala kwamba boksi litadumu. Kibandiko nacho huchapishwa na yeyote mwenye printa. Orodha ya modeli zilizothibitishwa iko wazi mtandaoni, kwa hiyo tafuta namba ya modeli humo.

"Feni inazunguka, ni nzima"

Fundi anachukua kipande cha waya, anaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye kiunganishi cha pini 24, feni inazunguka, mteja anatoa pesa. Kilichothibitishwa hapo ni kwamba boksi linawaka likiwa halina mzigo. Ugonjwa wake hujitokeza likibebeshwa kazi.

Mwombe muuzaji, kwa heshima, alifunge kwenye kompyuta kamili na kufungua kitu kizito, mchezo au programu ya video. Kisha pima kwa multimita, kile kifaa kidogo cha kupimia volti. Waya wa njano na mweusi: kati ya volti 11.4 na 12.6. Mwekundu na mweusi: 4.75 hadi 5.25. Wa machungwa na mweusi: 3.14 hadi 3.47. Likionyesha 12.1 mashine ikiwa imetulia, halafu likashuka hadi 11.3 kazi ilipoanza, lirudishe palepale. Usitegemee namba za BIOS, ile skrini ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, kwa sababu mashine hapo haifanyi kazi nzito na vipimo vyake si sahihi kama vya multimita. Hata multimita haioni kila kitu: mitikisiko midogo ya umeme, ambayo kiwango kinairuhusu hadi milivolti 120 kwenye laini ya 12, inahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini.

Kuna na kosa la upande wa pili. Baadhi ya pawa saplai nzuri husimamisha feni mzigo ukiwa mdogo, na watu huzirudisha dukani wakidhani zimekufa.

"Inakubali volti 100 hadi 240, kinga ya nini?"

Upana huo unasaidia volti zinaposhuka jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko. Haukingi dhidi ya radi, wala dhidi ya mshtuko wa umeme unaporudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika, pawa saplai inayofuata kiwango inashikilia kompyuta kwa milisekunde 16 au 17 tu. Hati ambayo hujaihifadhi itaokolewa na onduleri (UPS) yenye betri. Jaribu onduleri na pawa saplai yako pamoja kabla ya kulipa, kwani baadhi ya onduleri za bei nafuu hutoa mawimbi ambayo pawa saplai za kisasa hazielewani nayo, na mashine huzima.

Kwa kompyuta za mitumba, hasa zilizotoka Marekani, angalia kama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Hapa umeme ni volti 220. Ikiachwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlipuko.

"Nyaya ni nyaya"

Nyaya zinazochomoka kwenye boksi haziazimwi kutoka boksi lingine. Upande wa kompyuta zinafanana, upande wa boksi kila kampuni ina mpangilio wake, na diski inaweza kuungua mara ya kwanza tu unapowasha.

"Chomoa, fungua, pangusa"

Vumbi la mawe ya volkeno linaingia kila mahali Goma, na boksi lazima lisafishwe. Lakini kapasita za ndani, zile sehemu zinazohifadhi chaji ya umeme, hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, na zinaweza kuua. Puliza hewa kutoka nje, feni ukiishikilia isizunguke. Kufungua mwachie fundi anayejua kuondoa chaji. Kapasita zikiwa zimevimba kwenye boksi la bei ya chini, usilipie matengenezo, libadilishe.