Chuma kilichofungwa mfupani hakivuti radi
Kila msimu wa mvua unapoanza, ujumbe uleule hurudi katika makundi ya WhatsApp hapa Uganda: kwamba mtu aliyefungwa chuma mfupani baada ya ajali ya bodaboda atapigwa na radi, na kwamba chuma hicho hushika kutu, hivyo kitolewe upesi.

Vyuma hivyo hutengenezwa kwa titani au kwa chuma cha pua ambacho kromiamu iliyomo hukitandia utando mwembamba wa kuzuia kutu. Radi nayo huelekea zaidi kwenye kitu kirefu kilichosimama peke yake, kama mti katikati ya shamba, na chuma kilicho ndani ya paja hakibadilishi hilo. Kwa mtu mzima asiye na maumivu, chuma kinaweza kubaki maisha yote. Kukitoa bila sababu ni upasuaji mwingine wenye hatari zake.

Mkanganyiko huu unaeleweka. Kidonda kikitoa usaha, jirani husema ni kutu, ilhali ni maambukizi ya bakteria yanayohitaji tiba ya haraka. Tena wapo watoto wanaotolewa vyuma kwa kuwa mifupa yao ingali inakua. Mwenye shaka aende na picha zake za eksirei, za zamani na mpya, amwombe daktari wa mifupa amwonyeshe kama mfupa umeunga na kama skrubu zimelegea. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, kwani hofu ya namna hiyo inaweza kumfanya aondoke wodini mguu ukiwa bado haujanyooshwa.